Gramu Zilezile, Mapafu Tofauti

Weka watoto wawili kwenye mizani, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza gramu 1,200. Wa pili gramu 1,200. Kwa mizani hao ni sawasawa, na mwandishi wa daftari la wodi atawaweka kwenye safu moja: njiti, uzito mdogo sana. Lakini wa kwanza kazaliwa wiki ya 29 ya mimba, wa pili wiki ya 33, na mkunga mzoefu hahitaji karatasi kuliona hilo. Huyu wa wiki 29 ngozi yake inang'aa, mishipa unaihesabu kwa macho, sikio ukilikunja linabaki vile ulivyoliacha, na nyayo zake ni laini kabisa, hazina mstari. Wa wiki 33 ana mistari kwenye nyayo, sikio lake linarudi mahali pake, macho kayatoa anakutazama. Ila mapaja yake ni ngozi iliyolegea juu ya mfupa, kichwa kimeuzidi mwili, na kitovu chake chembamba mno. Bibi mmoja aliyekuja kumwona mjukuu wa namna hii aliniuliza, "Mwanangu, huyu mbona kazaliwa tayari kazeeka?" Nimesoma maelezo mengi ya kitabuni tangu siku hiyo, sijakuta lililompita bibi yule.

Yule wa kwanza kawahi. Huyu wa pili kanyimwa: alikuwapo tumboni muda wa kutosha kufika karibu kilo mbili, lakini chakula na oksijeni havikumfikia ipasavyo, akaacha kukua. Halafu yupo wa tatu, ambaye kawahi na kanyimwa pia. Kazaliwa wiki ya 29 na ana gramu 750. Mimi ni muuguzi mkunga, nimefanya kazi wodi za watoto njiti mkoani Tanga kwa miaka mingi, na huyu wa tatu ndiye anayeninyima usingizi. Chanzo chake ni mapafu.

Tumboni mapafu hayapumui. Oksijeni ya mtoto inatoka kwa mama, inapita kwenye kondo la nyuma, inaingia kwa kitovu. Mapafu yenyewe yamejaa maji, na kazi yake kwa miezi yote tisa ni kujijenga. Mirija ya hewa hugawanyika, tawi kutoka tawi, mpaka kama wiki ya 17. Kisha vishipa vidogo vya damu vinasogezwa karibu na nafasi ambazo siku moja zitapitisha hewa. Kuanzia wiki ya 24 hivi baadhi ya seli zinaanza kutengeneza utelezi unaoitwa safaktanti, lakini kiasi cha kutosha hakipatikani mpaka wiki ya 34 au 35. Vile vifuko vidogo vya hewa tunavyovijua huanza kuongezeka kwa wingi mwishoni kabisa, karibu wiki ya 36, na ujenzi unaendelea baada ya kuzaliwa kwa miaka kadhaa. Mtu mzima ana mamia ya mamilioni ya vifuko hivyo. Wataalamu waliovihesabu kwa darubini na kuchapisha kazi yao mwaka 2004 walipata wastani wa milioni 480.

Kuhusu safaktanti, akina mama huwa nawaeleza kwa mfuko wa rambo, kwa kuwa hata baada ya kupigwa marufuku hakuna aliyeusahau. Mfuko wa rambo ukilowa ndani, kuta zake zinagandana, na kuufungua unapuliza mpaka mashavu yaume. Vifuko vya hewa navyo vina unyevu ndani. Bila safaktanti, kila mtoto anapotoa pumzi kuta zinagandana, na kila anapovuta anaanza upya kuzibandua. Mtoto wa kilo moja hana nguvu hizo. Ndiyo maana unamwona anaguna kila akitoa pumzi, pua zinacheza, mbavu zinaingia ndani, na baada ya saa chache anachoka.

Hilo lilijulikana mwaka 1959, pale daktari Mary Ellen Avery na mwenzake Jere Mead, huko Boston, walipoonyesha kuwa mapafu ya watoto waliokufa kwa shida hiyo yalikosa utelezi huo. Kujua si kutibu. Agosti 1963 Rais Kennedy wa Marekani alipata mtoto wa kiume, Patrick, aliyewahi kwa zaidi ya wiki tano. Alikuwa na kilo mbili na ushei, uzito ambao leo wodini kwetu hatuuogopi. Akafariki baada ya saa 39, baba yake akiwa na madaktari wote aliotaka. Safaktanti ya kumpa mtoto kwa mrija mpaka mapafuni ilikuja kufanya kazi mwaka 1980, mikononi mwa Tetsuro Fujiwara wa Japani, aliyeitoa kwenye mapafu ya ng'ombe na kuwapa watoto kumi. Dawa hiyo ipo mpaka leo, na bei yake ni ya juu mno kwa hospitali nyingi za kwetu.

Tulicho nacho sisi ni sindano ya kukomaza mapafu. Anachomwa mama, mtoto akiwa bado tumboni. Tunaishukuru New Zealand kwa hilo. Graham Liggins alikuwa akichunguza kondoo kujua ni nini kinachoanzisha uchungu, akawapa vitoto tumboni homoni za kundi la kotisoni, na vikondoo vilivyozaliwa mapema mno vikaishi kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1972 yeye na Ross Howie wakachapisha matokeo ya kina mama wa Auckland: watoto wao walipumua vizuri zaidi na walikufa wachache.

Hapo ndipo hoja ikapinda. Kama homoni ya msukosuko inakomaza mapafu, watu wakasema, basi mtoto aliyekaa tumboni kwa shida, ambaye mwili wake wenyewe unamwaga kotisoli kwa sababu ya njaa, mapafu yake lazima yawe yamewahi kukomaa. Louis Gluck na wenzake, waliokuwa wakipima maji ya uzazi miaka ya 1970, walieleza kuwa kwa baadhi ya kina mama wenye presha, dalili za ukomavu wa mapafu zilionekana mapema. Hoja hiyo ilikuwa tamu. Ilifundishwa vyuoni, nami nilifundishwa, na ikashuka mpaka vyumba vya kujifungulia ikawa neno la faraja: mtoto kabanwa, lakini angalau mapafu yatakuwa tayari.

Ushahidi wake mwingi ulitokana na mizani. Watafiti walipanga watoto kwa uzito: wa gramu 1,000 hadi 1,250 hapa, wa 1,250 hadi 1,500 pale. Ukipanga hivyo, mtoto aliyenyimwa wa wiki 33 unamlinganisha na aliyewahi wa wiki 29, na bila shaka huyu wa wiki 33 atapumua vizuri kuliko mwenzake. Ana wiki nne zaidi! Haikuwa njaa iliyomsaidia, ni muda. Walipoanza kuwapanga kwa wiki badala ya gramu, picha ikageuka. Mwaka 1995 Jon Tyson na wenzake, Marekani, waliwalinganisha watoto wa wiki sawa, wakaona wale wadogo kwa umri wao ndio waliokufa zaidi na kuhitaji zaidi kusaidiwa kupumua. Mwaka 2000 ikaja hesabu ya watoto karibu 20,000 waliozaliwa kati ya wiki ya 25 na ya 30, ikasema vilevile. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kuwa njiti aliyenyimwa tumboni ana uwezekano wa mara mbili hadi tatu wa kupata ugonjwa sugu wa mapafu, ule unaomfanya mtoto aendelee kutegemea oksijeni hata anapofikisha umri wa wiki 36, zikihesabiwa tangu hedhi ya mwisho ya mama.

Faraja ile ya chumba cha kujifungulia bado naisikia hapa na pale. Inanikera kwa sababu inamfanya mtu apunguze haraka pale pasipotakiwa kupunguza.

Kwa nini njaa iumize mapafu, wakati mapafu hayafanyi kazi yoyote tumboni? Jibu liko kwenye kondo. Katika nusu ya kwanza ya mimba, chembe za kondo hupenya kwenye mishipa ya damu ya mji wa mimba na kuitanua, ili damu ya mama imiminike bila kizuizi. Kwa baadhi ya kina mama utanuzi huo haukamiliki. Mishipa inabaki myembamba, damu inapita kwa msukumo, kondo linaumia sehemu sehemu. Tunaliona linapotoka: dogo, na mabaka magumu meupe, wakati la mimba iliyotimia kwa kawaida lina nusu kilo hivi. Huku kwetu kondo hukabidhiwa kwa ndugu likazikwe, na mkunga mzuri huligeuza na kulitazama pande zote kabla halijafungwa kwenye kanga. Linaeleza mengi kuliko kadi.

Mtoto akihisi oksijeni haitoshi, mwili wake unapanga mgawo. Ubongo unapewa kwanza, moyo, na tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Vingine vinasubiri: utumbo, misuli, mafuta ya chini ya ngozi, mapafu. Ndiyo maana kichwa kinakua na mapaja yanabaki ngozi. Vifuko vya hewa hujengeka kuzunguka vishipa vya damu, kwa hiyo pale vishipa visipoota vifuko navyo havigawanyiki. Gert Maritz wa Afrika Kusini, pamoja na kundi la Richard Harding wa Australia, waliwafuata kondoo waliobanwa tumboni mpaka walipokuwa wakubwa wa miaka miwili. Waliwakuta bado wana vifuko vichache kuliko wenzao, na ukuta unaotenganisha hewa na damu ni mnene zaidi. Kondoo hao walikuwa wamekula wakashiba kwa miaka miwili, na mapafu hayakusahau.

Sasa kondo la mwanamke wa Tanga linaharibiwa na nini? Presha ya mimba ndiyo ya kwanza, ile ambayo ikiachwa inaishia kwenye kifafa cha mimba. Malaria inafuata, na ina ujanja wake. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya kwenye makondo huko Kisumu, magharibi mwa Kenya: chembe za damu zenye vimelea hunata kwenye kondo kwa kushika sukari maalumu iliyopo hapo. Mama aliyezoea malaria tangu utotoni anaweza kutembea bila homa, kipimo cha kidole kikasema hana kitu, na kumbe kondo lake limejaa. Mimba ya kwanza ndiyo inayoumia zaidi, kwa kuwa mwili bado haujakutana na vimelea vya aina hiyo. Ndiyo sababu tunamsimamia mama ameze SP, vidonge vya kuzuia malaria, mbele yetu kuanzia mwezi wa nne, hata akiapa kwamba haumwi. Kuna pia upungufu wa damu, kuna mapacha wanaogawana kilicho kidogo, kuna sigara. Na kuna moshi wa jikoni. Huko Kintampo, Ghana, watafiti waliwavalisha wajawazito vipima-moshi, kisha wakapima upumuaji wa watoto wao wakiwa na siku 30. Waliovuta kaboni monoksidi nyingi wakati wa mimba walizaa watoto wenye mapafu dhaifu zaidi. Nikiona jiko la mkaa limeingizwa ndani kwa sababu mvua inanyesha, huwa nalikumbuka hilo.

Yote haya yanadai kitu kimoja ambacho ni rahisi kukitamka na kigumu kukipata: wiki. Huwezi kusema mtoto ni mdogo kwa umri wake kama umri huujui. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apigwe ultrasaundi mara moja kabla ya wiki ya 24, ambapo makosa ya tarehe ni madogo. Kina mama wengi hufika kliniki baadaye, na hedhi ya mwisho hawaikumbuki. Hapo mkunga anakuwa mpelelezi. Huku pwani Ramadhani hunisaidia kuliko daftari.

"Mama, hedhi ya mwisho uliiona lini?"

"Sikumbuki, sista."

"Mwezi mtukufu uliopita una deni la siku ngapi?"

"Sita."

"Zilikuwa mwanzo au kumi la mwisho?"

"Kumi la mwisho. Niliacha kufunga ya ishirini na mbili."

"Na baada ya hapo uliona tena?"

"Nilimaliza kabla ya Idi, basi. Sijaona tena."

Tarehe hiyo hapo. Mwanamke anayedaiwa siku na Mola wake hazisahau. Kwa wasiofunga nauliza mahindi yalikuwa yamefika wapi, au shule zilikuwa zimefungwa.

Ukishakuwa na wiki, utepe wa kupimia tumbo unapata maana. Kuanzia wiki ya 24 hivi, sentimita za tumbo hukaribiana na wiki za mimba. Tumbo la wiki 30 likipima 26 si jambo la kumwambia mama "wewe ni mwembamba tu." Wapo watoto wadogo kwa asili, wazazi wao wadogo, nao ni wazima kabisa. Lakini huyo ni wa kupelekwa mahali penye ultrasaundi ya kuangalia mwendo wa damu kwenye kitovu. Kwa kawaida damu husonga mbele hata pale moyo wa mtoto unapopumzika kati ya pigo na pigo. Kondo likiwa limeharibika sana, damu inasimama katikati ya mapigo, na hali ikizidi kuwa mbaya inarudi nyuma.

Daktari akishaona hivyo, anaingia kwenye uamuzi mgumu kuliko wote ninaoujua katika kazi hii. Mtoto akibaki tumboni, mapafu yanapata siku. Siku hizo hizo ni za njaa, na anaweza kufa humo. Akitolewa, njaa imekwisha, ila anakuja na mapafu ambayo hayajawa tayari. Nchi 13 za Ulaya zilijaribu kulijibu hilo kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2003. Kina mama ambao madaktari wao hawakuwa na uhakika waligawanywa kwa kura, nusu wazalishwe mara moja, nusu wasubiri. Upande wa kuwahisha walifia tumboni watoto 2, upande wa kusubiri 9. Waliozaliwa wakafia hospitalini walikuwa 27 upande wa kuwahisha, 18 upande wa kusubiri. Jumlisha: 29 kwa 27. Namba hizi nazipenda kwa ukali wake. Zinaonyesha kwamba daktari anayesema "tusubiri siku mbili, mama achomwe sindano" hazembei, na yule anayesema "leo leo" hana papara. Wote wawili wanachagua mahali pa hatari.

Hizo siku mbili zina kazi. Sindano ya kukomaza mapafu inahitaji muda ifanye kazi, na dawa yake, deksamethasoni, ni ya bei nafuu, ipo hata hospitali za wilaya. Tusiifanye maji lakini. Utafiti mkubwa wa nchi sita, zikiwamo Kenya na Zambia, uliotolewa mwaka 2015, uliisambaza sindano hiyo mpaka ngazi za chini, na matokeo yakashtua: vifo vya watoto havikupungua, vikaongezeka, na maambukizi kwa kina mama pia. Wengi waliochomwa hawakuwa na mimba changa kama ilivyodhaniwa. Wiki zilikosewa. Mwaka 2020 ukaja mwingine wa Shirika la Afya Duniani, Kenya ikiwamo tena, safari hii katika hospitali zenye uwezo, mimba za wiki 26 hadi 33 zilizopimwa kwa ultrasaundi. Vifo vya watoto wachanga vilikuwa asilimia 19.6 kwa waliopata sindano na 23.5 kwa wasiopata. Dawa ile ile. Kilichobadilika ni kujua wiki, na huduma inayomsubiri mtoto akishatoka.

Huduma hiyo si lazima iwe ya mashine za kutisha. Mtoto akianza kuguna, tunamwekea mrija wa hewa puani, na upande wa pili wa mfumo unazamishwa kwenye chupa ya maji kwa sentimita tano au sita. Viputo vinatoka, na kina cha maji ndicho kinachobakiza msukumo mdogo kwenye mapafu ili vifuko visigandane pumzi inapotoka. Wazo la msukumo huo lilianzia San Francisco na daktari George Gregory, mwaka 1971. Huko Blantyre, Malawi, hospitali ya Queen Elizabeth ilijaribu mashine ya viputo ya gharama ndogo iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Rice, na watoto waliopona walikuwa asilimia 71, dhidi ya 44 kwa waliopewa oksijeni ya kawaida. Chumba chenye chupa tatu nne za viputo vinavyochemka kina kelele, na mgeni hudhani kuna bomba linavuja. Sisi ukimya ndio unaotufanya tugeuke.

Yule mtoto wetu wa gramu 750 hata hivyo anahitaji uangalifu zaidi ya wenzake wa wiki zake. Hana mafuta, anapoa upesi, na akipoa anatumia oksijeni yake kujipasha moto. Sukari inamshuka. Utumbo wake, ambao nao ulinyimwa damu, haupendi kuharakishwa, kwa hiyo maziwa tunayaongeza taratibu, tone kwa tone, na yawe ya mama yake. Hapa subira ina bei yake, maana mapafu yanajengwa kwa chakula, na kila siku anayokula kidogo ni siku nyingine ya njaa ileile ya tumboni. Mishipa ya damu ya mapafu yake ni myembamba, presha inaweza kupanda humo, na moyo ukalemewa. Oksijeni nayo ni dawa yenye kipimo: ikipungua anaumia, ikizidi inachoma macho na mapafu. Hospitali isiyo na kifaa cha kupima oksijeni ya damu kidoleni, au kwa hawa wadogo unyayoni, ingekuwa bora inunue hicho kabla ya kuongeza mitungi.

Kitu kingine hakinunuliwi. Tangu mwisho wa miaka ya 1970, Edgar Rey na Héctor Martínez wa Bogotá, Kolombia, waliwaweka njiti vifuani mwa mama zao kwa sababu vitanda vya joto havikutosha. Wengi tuliiona kama njia ya maskini, ya kumfanyia mtoto akishatulia. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwamo, ulichapishwa mwaka 2021: watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8 waliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja watulie. Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0, na 15.7 kwa waliongojewa. Mama anaweza kukaa na mtoto kifuani huku viputo vinaendelea. Baba pia, ingawa baba wa kwanza kwenye wodi yoyote huwa anatazama mlango mara mbili kabla ya kuvua shati.

Siku ya kuruhusiwa, mtoto akiwa ananyonya na anaongezeka, familia huona safari imekwisha. Kwa mapafu ndiyo inaanza. Miaka miwili ya kwanza vifuko bado vinaongezeka, na kila nimonia inavikata. Kwa hiyo chanjo zote, ile ya nimonia ikiwamo, apewe kwa kuhesabu siku aliyozaliwa. Asisubirishwe kwa sababu ni mdogo. Jiko litoke ndani. Mvuta sigara wa nyumba hiyo akavutie mbali, na mjomba ataudhika, aachwe audhike. Mtoto akianza kuhema haraka, akapelekwa hospitali, mama asiishie kusema "ana kifua." Aseme alizaliwa wiki ngapi na gramu ngapi. Vyote viwili.

Vya baadaye zaidi tunavijua kwa msaada wa wauguzi wenzetu wa zamani. Mwaka 1911 huko Hertfordshire, Uingereza, Ethel Margaret Burnside aliwaagiza wakunga na wauguzi wake wapime kila mtoto anapozaliwa, na tena akitimiza mwaka, waandike daftarini. Miongo mingi baadaye daktari David Barker aliyapata madaftari yale na kuwafuatilia wenye majina, waliokuwa wazee. Mwaka 1991 alionyesha kuwa wanaume waliozaliwa na uzito mdogo walikuwa na pumzi fupi uzeeni, na waliokuwa wadogo walipotimiza mwaka mmoja walikufa zaidi kwa magonjwa sugu ya mapafu. Madaftari hayo yaliandika uzito. Wiki hayakuandika, kwa hiyo hatuwezi kuwatenga waliowahi na walionyimwa.

Mwaka 2015 Peter Lange na wenzake wakaongeza jambo: karibu nusu ya watu wazima wenye ugonjwa sugu wa kuziba mirija ya hewa hawakupoteza pumzi haraka kuliko wengine. Walianza utu uzima wakiwa na pumzi chache. Mapafu hufika kilele chake mtu akiwa na miaka ishirini na kitu, kisha hushuka kwa kila mmoja wetu, na aliyeanzia chini hufika pabaya mapema.

Njiti wa kwanza waliopona kwa wingi katika hospitali zetu sasa ni vijana wa kutafuta kazi. Tanga kazi ni pamoja na mashamba ya mkonge, na ndani ya viwanda vyake kuna chumba cha brashi, nyuzi kavu zinaposuguliwa na vumbi linasimama hewani mpaka jua likipenya dirishani unaliona kama ukuta. Kijana anapimwa afya kabla ya kuajiriwa: macho, presha, mkojo. Akiulizwa juu ya kifua, anaulizwa kama amewahi kuugua TB. Swali la alizaliwaje halimo kwenye fomu, na mama yake, mwenye majibu yote mawili, yuko nyumbani.